Matanga ya Mama Aliye Hai

Mara ya kwanza nilipomwona, mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka na ndani yake hamkuwa na nguo.

Nilikuwa nimeteremka na mifuko miwili mikubwa ya mashuka na suruali za watoto wa mama mkubwa. Huku Hjulsta, pembeni mwa Stockholm, kila jengo lina chumba cha kufulia huko chini, tvättstuga, na kila nyumba ina kikufuli chake kidogo. Ukitaka kufua unakifunga kikufuli chako kwenye ubao, penye siku na saa unayoitaka, na saa hiyo inakuwa mali yako. Jengo letu lilikuwa na watu wa kila nchi. Wengine walitoka pande mbili za vita moja na hawakusalimiana kwenye lifti, lakini kikufuli cha mtu walikiheshimu wote.

Saa ile ilikuwa yetu. Nilifungua mlango nikamkuta mwanamke wa kizungu ameketi juu ya meza ya kukunjia nguo, miguu inaning'inia, karatasi mapajani, penseli imechomekwa kwenye nywele. Soksi zake zilikuwa za rangi mbili tofauti. Mashine kubwa ilikuwa inanguruma. Nikachungulia kwenye kioo chake. Maji na povu, basi.

Nilishtuka kama niliyemfumania mtu akiiba.

"Samahani," alisema kwa Kiswidi kibovu kuliko changu. "Ni saa yako?"

"Ndiyo."

Akaizima mashine. "Lakini naweza kubaki? Nataka kelele tu."

Nilitia nguo zangu, nikaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, na yeye akaendelea kuandika mpaka mashine yangu ilipomaliza kukamua.

Nilimweleza mama mkubwa, ambaye ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu na ndiye aliyenilea. Alikuwa anachambua maharage.

"Anafua nini?"

"Hafui kitu."

"Hafui kitu na mashine inazunguka?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo kichwa si kizima. Usibishane naye. Mpishe tu."

Watoto wake walicheka, wakasema kwa Kiswidi kwamba mimi siwezi kubishana na mtu yeyote, hata paka. Ilikuwa kweli. Nilizaliwa kambini, upande wa Kigoma, wazazi wangu wakiwa wamekimbia kutoka Burundi. Nilisoma huko huko mpaka darasa la sita na shule yangu ikaishia hapo. Nilipofika Stockholm na mama mkubwa nilikuwa binti mkubwa tayari, nikaenda kwenye masomo ya Kiswidi ya wageni, halafu nikapata kazi ya kuosha vyombo katika nyumba ya wazee. Nilijua Kirundi, Kiswahili na Kiswidi kidogo, na katika lugha zote tatu nilinyamaza. Hata kuandika huku ninaandika polepole. Sentensi moja inaweza kuninywesha chai mara mbili.

Wiki iliyofuata nilimkuta tena, na nyingine pia. Hatimaye tulizoeana. Tulizungumza Kiswidi kilichovunjika, mimi na yeye, na kwa kuwa hakuna aliyekijua vizuri, sikumwonea haya.

Aliniambia ni Mmarekani. Nilidhani ananitania. Wamarekani niliowajua mimi walikuwa kwenye televisheni, au walikuja kambini na magari meupe, wakapiga picha, wakaondoka kabla ya mvua. Sikuwahi kuwaza kwamba Mmarekani anaweza kukosa nyumba mjini akaishia kwenye kituo cha mwisho cha treni pamoja nasi. Aliolewa na Mswidi, alisema, ndoa ikavunjika, na chumba alichopata cha kupangisha kilikuwa hapo juu, ghorofa ya nne.

"Unafanya kazi gani?" nilimuuliza.

"Naandika vitabu. Riwaya."

"Hapa chini?"

"Juu kuna kimya. Kwenye kimya siwezi."

Sababu yake ilinichukua wiki kadhaa kuielewa, kwa maana alinipa kidogo kidogo, kila mara mashine zikizunguka.

Alikulia ndani ya basi. Lilikuwa basi kuukuu la wanafunzi, limeng'olewa viti, na ndani yake waliishi baba yake, mama yake na familia nyingine tatu. Walizunguka jangwani magharibi ya Amerika. Kiongozi wao alikuwa amewafundisha kwamba dunia imeharibiwa na shule, hospitali na kalenda. Kwa hiyo watoto hawakwenda shule, wakiugua walipewa majani, na hakuna aliyeruhusiwa kusema leo ni Jumatatu wala ni mwezi gani. Walikula walichookota nyuma ya masoko. Kuna siku walilala bila kula.

"Bila kula?" niliuliza. "Marekani?"

"Marekani."

Nilirudi juu na nguo nusu zikiwa mbichi, nimesahau kuzikausha. Kambini tulilala njaa mgao ulipochelewa, na kila aliyelala njaa aliota nchi ambako hakuna njaa. Nchi hiyo ilikuwa kwao huyu mwanamke.

Siku nyingine aliniambia kwamba alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, basi lilisimama kwenye mji mdogo. Mama yake alimshika mkono akamwingiza kwenye duka la kufulia nguo, lile lenye mashine unazotumbukizia sarafu, akamwambia mwenye duka, "Mwangalie huyu mpaka nirudi." Basi likaondoka. Mama alirudi baada ya mwaka mzima na zaidi, na alipokuja mtoto alikataa kumtazama, naye akaondoka tena peke yake. Mwaka huo wote alilala kwenye godoro nyuma ya mashine. Alijifunza kusoma kutoka kwenye maboksi ya sabuni na magazeti yaliyosahauliwa na wateja. Barua yake ya kwanza kuandika maishani aliiandika juu ya meza ya kukunjia nguo.

"Nilikuwa sijawahi kuingia darasani," alisema.

"Mimi nina darasa la sita," nilimwambia, na sijui kwa nini nilisema.

"Umenishinda." Wala hakucheka.

Ndiyo sababu ya kelele. Alipokuwa mkubwa aliendelea kufua nguo za watu kwa mshahara, akiandika kwenye mapumziko. Riwaya ya kwanza wachapishaji wote waliikataa. Ya pili ilichapishwa ikakaa madukani bila wanunuzi. Ya tatu ilikuwa ya msichana wa kwenye basi, na hiyo ilimtoa: ikasomwa kote Marekani, ikafasiriwa lugha nyingi, ikamleta mpaka Stockholm kuizungumzia, ndipo akakutana na yule mume. Sasa alikuwa anahangaika na ya nne, nayo haikutaka kuja. Aliitafutia kelele za bure huko chini, na ikambidi azungushe mashine tupu.

Jambo jingine lazima nilieleze hapa, maana ndilo lililotufikisha kote huko.

Siku moja kitambulisho changu kilidondoka kutoka mfuko wa suruali. Alikiokota, akakisoma. "Ulizaliwa tarehe moja Januari!"

"Sikuzaliwa tarehe moja Januari," nilisema. "Sote tuko hivyo."

Nikamweleza. Ofisini wanakuuliza tarehe, hujui, wanakuandikia ya kwanza Januari. Mama mkubwa ni Januari moja. Mumewe marehemu alikuwa Januari moja. Nusu ya kanisa letu, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo, walizaliwa siku hiyo moja, wazee kwa vijana, kwa hiyo Mwaka Mpya baada ya ibada tunakata keki moja kubwa ya watu wote wasiojua siku zao. Watoto waliozaliwa Sweden, ambao hospitali iliwaandika mpaka dakika, hawapewi kipande cha kwanza. Wanakaa meza ya pembeni na kununa.

Nilidhani atacheka kama wanavyocheka wazungu wengine nikiwaeleza. Yeye alikigeuzageuza kile kitambulisho.

"Mimi pia," alisema. "Mama hakuniandikisha. Kalenda ilikatazwa. Serikali iliniandikia tarehe ya siku ile mwenye duka aliponipeleka ofisini. Sijui siku yangu."

"Hakuna anayeijua?"

"Mtu mmoja tu."

Sikuuliza zaidi. Nilijua ni mama yake. Wangu alifariki kambini nikiwa mdogo, kwa homa, na mama mkubwa anakumbuka tu kwamba nilizaliwa msimu wa mahindi mabichi. Siku yangu ilizikwa na mama. Hilo nimelibeba muda mrefu kuliko nilivyoweza kulisema.

Alinipa kile kitabu chake cha tatu, kwa Kiswidi, nijifunzie lugha. Nilikisoma vuli nzima. Nilisoma mistari kumi, nikatafuta maneno, nikasoma tena. Na kila nilichokisoma nilikuwa nimekwisha kukisikia kwa mdomo wake: basi, majani ya dawa, godoro nyuma ya mashine, maboksi ya sabuni. Kitabu kilisema "mimi" tangu mwanzo, na huyo mimi nilimjua, alikuwa na penseli kwenye nywele. Kambini tulikuwa na vitabu vya shule na Biblia. Hadithi za kutunga tulihadithiwa na wakubwa, na hizo zina mwanzo wake maalumu, unaarifiwa mapema kwamba hapa sasa ni uongo mtamu. Kitabu hiki hakikuniarifu.

Sura ya mwisho niliisoma Jumamosi moja jikoni. Msichana, sasa ni mtu mzima, anapigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Anasafiri, anamzika kwenye ardhi kavu, watu wanne tu kaburini. Na pale kaburini anatambua kwamba hakumuuliza siku aliyozaliwa, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Nililia mpaka kitabu kikalowa. Mama mkubwa aliacha sufuria.

"Nini? Nani amepiga simu?" Kwetu mtu akilia ghafla, tunaogopa simu kwanza.

"Yule mwandishi wa chini. Mama yake amefariki."

"Mungu wangu! Lini?"

"Kitabu hakisemi."

"Na nani amekwenda kumpa pole?"

"Sijui. Nadhani hakuna."

Mama mkubwa alivua aproni. "Mtu amefiwa kwenye ngazi yetu, na sisi tunampita na makapu ya nguo! Watatuona watu gani?"

Jumamosi iliyofuata mchana akina mama wa kanisani walikuja. Mama mkubwa alipika maharage na ndizi. Mama mmoja Mkongo, mnene na mcheshi, ambaye huongoza nyimbo kanisani, alileta sufuria ya wali. Mama mmoja wa Kenya alitoka mbali, mji wa Upplands Väsby, na chapati zilizofungwa kwa taulo na chupa mbili za chai ya maziwa. Yeye alikuja Sweden kusoma miaka mingi nyuma, alijua Kiingereza kama maji, na mama mkubwa alimtaka kwa sababu hiyo hasa. Walikuwemo na wengine wachache. Kwenye ngazi walikuwa wanazungumzia bei ya vitunguu, lakini mlango wa mwandishi ulipofunguka tu, mama Mkongo alipiga yowe, na wote wakaingia wakilia.

Mwandishi alisimama, penseli kichwani, akawaacha wapite. Baadaye aliniambia kwamba utotoni watu waliingia walipotaka na kulia walipotaka, kwa hiyo hakuogopa. Nyumba yake ilikuwa tupu, meza moja na godoro.

Mama Mkongo alifuta macho, akaninong'oneza, "Unaona? Viti amekwisha kuvitoa. Desturi anaijua."

Walikaa chini sakafuni. Waliimba. Mama mkubwa aliomba kwa Kirundi, maombi marefu, akimkabidhi marehemu kwa Bwana. Mwandishi alikaa nao, miguu ameikunja, akawatazama mmoja mmoja. Wimbo wa pili ulipoisha alinisogelea.

"Ni vizuri sana," alisema. "Nani amekufa?"

Niliona hawezi kuliamini bado, kama inavyowapata wafiwa. Nikamshika mkono.

"Mama yako," nilisema.

Sijapata kuona damu ikiuacha uso wa mtu namna ile. Midomo yake ikawa rangi ya karatasi. Alisimama, akashika kizingiti cha mlango.

"Nani amepiga simu?"

Akina mama walipoona hivyo walipandisha sauti, mama Mkongo akaanza upya.

"Nani amepiga simu?" alipiga kelele. "Amekufa lini? Nani amekuambia?"

"Wewe," nilisema. "Sura ya mwisho."

Alinitazama. Kisha akateleza na ukuta mpaka chini, akaweka kichwa kati ya magoti, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kisichokuwa na furaha ndani yake.

"Anacheka?" mama mkubwa aliuliza.

"Ni uchungu," akasema mama Mkongo. "Mutu anaweza kucheka. Mie nilicheka kwa baba yangu."

Mwandishi alimwambia mama wa Kenya maneno kwa Kiingereza. Mama wa Kenya aliweka kikombe chini taratibu.

"Mama yake yuko hai," alisema.

Sauti ya lifti ilisikika ikipanda.

"Hai vipi?"

"Hai, hai! Yuko Amerika. Huyu alimuua kwa kitabu. Alitunga."

"Mais non!" Mama Mkongo alijipiga paja. "Sasa tulimulilia nani?"

"Aki mimi nimetoka Väsby na machapati," alisema mama wa Kenya, "kuja kulilia mtu ambaye saa hii anakunywa kahawa yake!"

Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Lakini hakuna aliyenigeukia. Wote walimgeukia yeye.

"Muulize," mama mkubwa aliniambia, "kwa nini mtu amzike mama yake aliyemzaa, na yuko hai?"

Niliuliza. Alijibu kwamba kitabu kilihitaji mwisho.

"Mwisho! Hakukuwa na mwisho mwingine? Si angemwozesha mtu!"

Mtu mmoja alicheka, akakohoa. Mama mkubwa hakucheka. Alikuwa ameogopa kweli, nilimjua. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Ni kumwitia mauti. Na wao walikuwa wamemlilia kwa sauti, kwa nyimbo, na kwa jina la Bwana, sufuria za matanga zikiwa moto.

"Apigiwe simu," alisema. "Sasa hivi. Tusikie sauti yake, naye asikie yetu, ajue hatukumtakia mabaya. Bila hivyo mimi sitoki hapa."

Mwandishi alikataa. Alisema hawajazungumza miaka mingi, tangu alipoondoka kwenye ule mji akiwa msichana. Alisema mama huyo alimwacha kama mzigo wa nguo chafu. Mama wa Kenya alifasiri, na wanawake wale, ambao kila mmoja alikuwa ameacha kitu au mtu njiani, walitazama mikono yao.

Hapo ndipo mimi nilisema. Sikuwa nimepanga. Watu wa kanisani mpaka leo wanakumbusha kwamba siku hiyo ndipo walijua nina sauti.

"Unaye," nilimwambia kwa Kiswidi. "Nilikulilia wiki nzima. Nilidhani uko kama mimi. Kumbe unaye, na siku yako anayo, na hupigi!"

Hata watoto wa mama mkubwa waliokuja kubeba sufuria waliacha mchezo wao kwenye korido.

Kisha akasema namba. Alikuwa nayo kichwani. Ilikuwa namba ya lile duka la kufulia. Baada ya basi na watu wake kusambaratika, mama yake alirudi kwenye mji ule, akaajiriwa humo humo, na sasa alilala kwenye chumba cha nyuma ya mashine. Mwandishi alilijua hilo kwa miaka na hakuwahi kuniambia. Hata kwenye kitabu halimo.

Mama wa Kenya ndiye aliyepiga, maana mwandishi alikataa kuishika simu. Akaweka sauti nje ili wote tusikie. Kule ilikuwa asubuhi. Iliita, iliita, halafu nikasikia kelele ninayoijua, mashine inazunguka. Sauti ya mwanamke mzee ikasema halo.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema mama wa Kenya kwa Kiingereza cha heshima. "Samahani kwa usumbufu. Tunapiga simu kutoka Sweden. Ni kuhusu binti yako."

Tulisikia mashine tu. Kisha yule mzee akauliza neno moja, nami kwa Kiingereza changu kidogo cha darasa la sita nililielewa.

"Amekufa?"

Kabla mama wa Kenya hajafungua mdomo, kilio kilitoka kwenye simu. Nimesikia vilio vingi. Kambini nilivisikia kutoka mahema ya mbali nikiwa kitandani, nikajua kwa sauti nani amefiwa na mtoto na nani amefiwa na mume. Hiki kilikuwa cha aliyefiwa na mtoto. Mama Mkongo alikitambua pia bila Kiingereza, akaziba mdomo wake kwa kitambaa.

"Hapana, mama, hapana! Yuko hapa!"

Mzee hakusikia. Alilia akilitaja jina la bintiye mara nyingi.

Mwandishi alikuwa bado sakafuni. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Alitambaa, kwa magoti, akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Mama," alisema. "Ni mimi. Niko hai."

Mama mkubwa alitupungia mkono tutoke. Akina mama walijisogeza jikoni, lakini jikoni kwenyewe hakukuwa na mlango, na mama wa Kenya aliendelea kufasiri kwa kunong'ona bila kuombwa. Mimi sikutoka, maana mwandishi alikuwa amenishika kiganja na hakuachia.

Walizungumza vibaya. Walikatizana, walinyamaza, mmoja alisema jambo la hali ya hewa. Nikaona itaishia hapo. Nikamvuta mkono.

"Muulize," nilisema.

Aliuliza. Alidhani, nilimwona, kwamba mama hakumbuki, kwa sababu alifumba macho kabla.

Mzee alijibu papo hapo. Alitaja siku, mwezi na mwaka. Alisema ilikuwa asubuhi, basi limekwama kwenye mchanga, wanaume wako nje wanasukuma. Tarehe yenyewe sitaiandika, ni yake. Alisema kiongozi aliwakataza kuhesabu siku, na yeye akahesabu hivyo hivyo, kwa vidole, chini ya blanketi, kila usiku, miaka yote ya basi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama wa Kenya alisita kabla ya kufasiri jibu.

"Amesema hivi: 'Kwanza iliharamishwa. Halafu ulikataa kunitazama. Halafu ukaondoka.'" "'Halafu nikafa.' Aki, ameisoma hiyo kitabu."

Mwandishi aliweka paji la uso wake sakafuni, simu sikioni, akakaa hivyo. Mashine ya kule Amerika ilimaliza kuzunguka, ikalia ule mlio wake wa kumaliza, na mzee akasema subiri, mteja ameingia, usikate.

Hakukata.

Mimi nilikuwa nimefurahi, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine kilichonishtua kuliko yote ya siku ile. Nilimwonea wivu. Niliingia jikoni nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Mama mkubwa alinitazama, akachukua kitambaa, akavifuta kimoja kimoja pembeni yangu.

"Akimaliza simu, ale," alisema mwishowe. "Maharage yanapoa."

Baridi ile nilimkuta chini mara chache. Alikuwa anaandika haraka, na mara mbili nilimkuta anafua nguo kweli. Mwaka Mpya alikuja kanisani kwetu, kwenye ule ukumbi wa kukodi, amevaa soksi zinazofanana. Ibada ilipoisha alijipanga kwenye foleni ya keki pamoja nasi, nyuma yangu, sahani mkononi.

Mama mkubwa ndiye aliyeshika kisu. Alinikatia kipande kikubwa chenye krimu ya pembeni. Alipomfikia yeye alisimamisha kisu hewani.

"Wewe unataka nini hapa?"

Nilifasiri. Alisema anataka keki, ni Januari moja, kitambulisho chake cha zamani kilikuwa na tarehe ya uongo kama vyetu.

"Wewe una siku yako," mama mkubwa alisema. "Nenda kakae kule na wenye siku."

Watu walicheka. Nilidhani atachukia. Alisimama na sahani tupu, uso umemwiva, kisha akaenda mpaka meza ya pembeni, akaketi kwenye kiti kidogo kati ya watoto waliozaliwa Sweden, akanuna pamoja nao, akisubiri sisi tumalize.